Walipokuja Kuuliza Habari za Kipa

Nilikuwa katika eda ya mume wangu viongozi wa mpira walipokuja kuniuliza kama mtoto wa marehemu mdogo wangu ni mwanamke kweli.

Nimeliandika hivyo hivyo kwa sababu sijapata namna nyingine ya kuliandika. Nimeishia darasa la saba, na hata waliosoma kunizidi niliwaona wanababaika.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mdogo wangu, mama yake, alipofariki hapakuwa na kikao cha kuamua nani amchukue binti. Nilimteremsha kutoka kwetu Kinole, huko milimani, nimembeba mgongoni, hajaanza hata kutambaa, nikamlea hapa mjini. Sasa ni mtu mzima. Asubuhi anauza ndizi na pilipili manga sokoni, jioni anadaka katika timu ya wanawake. Glavu za kwanza alinunuliwa na mume wangu, ambaye hakukosa mechi hata moja mpaka maradhi yalipomlaza.

Wiki chache baada ya mazishi, timu yake ilicheza na timu iliyokuwa inaongoza ligi. Alidaka penalti, wakashinda. Wale wengine wakaweka pingamizi kwamba kipa ni mwanamume. Ikaamuliwa akae nje mpaka apimwe hospitali, majibu yapelekwe kwa viongozi wa ligi.

Mwenyekiti wa timu yetu, naye mtu wa milimani, akaona ana njia fupi. Akawaambia binti huyu alichezwa unyago, na mimi ndiye niliyekaa naye ndani wakati wote wa uwali, alipofungiwa kufundwa. Sasa mnatafuta ushahidi gani tena? Kwake yeye ngoma ile ilikuwa cheti tosha.

Basi wakaja, yeye na kiongozi mmoja wa ligi. Walikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, pamoja na jirani yangu aliyekuwa akija kushinda nami.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba," alisema yule kiongozi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nilishindwa kumchukia.

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

"Mama, tunalinda haki za wasichana wote. Wale waliofungwa nao ni watoto wa watu."

Jirani hakungoja. "Kwani huyo kipa angefungwa mngekuja? Mabao mmekosa uwanjani, mnakuja kuyatafuta uvunguni mwa mjane!"

"Dada, taratibu," mwenyekiti alisema, lakini nilisikia anacheka. "Mama mkubwa, wewe waambie tu. Si ulimwogesha? Si ulimcheza?"

"Nilimwogesha. Na nilimcheza."

"Umesikia, bwana? Kesi imekwisha."

"Bado," alisema yule mpole. "Mama, uniwie radhi. Alipochezwa alikuwa ameshavunja ungo? Kama wasichana wengine?"

Nikalivuta pazia vizuri.

Ukweli ni kwamba alikuwa bado. Alichezwa pamoja na wa rika lake kwa sababu bibi zetu walisema wengine huchelewa, na haifai binti kuachwa peke yake. Tukangoja. Mpaka leo hajapata hedhi. Hilo tulikuwa tunalijua watatu tu, yeye, mimi, na bibi mmoja ambaye sasa ni marehemu. Nilipomwogesha alikuwa mtoto wa kike kama wa kike yeyote niliyewahi kumwogesha. Nayo hiyo ni kweli. Sikujua kweli ipi inaulizwa.

Nikafikiri, nikisema ndiyo nitakuwa nimesema uongo, tena nikiwa ndani ya eda. Nikisema hapana nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wanaume wawili barazani kwangu. Na mambo ya ndani ya unyago hayasemwi kwa wanaume kabisa. Mwenyekiti alilijua hilo, na bado alikuwa anangoja niseme.

"Ni binti yangu," nikasema mwisho. "Mengine ni ya kwake."

"Basi mama hajajibu," alisema yule kiongozi. Alisema kwa huzuni kabisa, kama mtu aliyefiwa yeye. Mwenyekiti hakucheka tena. Wakaaga, wakaondoka.

Binti alikuwa uani anafua, na alisikia yote. Alikuja akasimama mlangoni, mikono ina povu.

"Mama mkubwa, ungesema ndiyo tu."

"Ingekuwa uongo."

"Uongo upi? Wewe unaniona mimi nani?"

"Nakuona wewe."

"Sasa?"

Jirani alianza kuwatukana wale wanaume, tukamwacha aendelee, maana angalau yeye alijua amkasirikie nani. Mimi nilitamani mume wangu awepo. Yeye angesema neno la mpira tu, la kijinga, tukacheka. Halafu nikawaza kwamba labda naye angeuliza, na hilo likanichanganya zaidi.

Jioni ile binti hakwenda mazoezini. Aliniambia atakwenda hospitali, lakini kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu hata yeye anataka kujua, na majibu hayatakwenda mezani kwa mtu yeyote. Nikamwuliza, na kucheza? Akasema wakitaka wamwache nje. Alilia kidogo aliposema hivyo, akajifuta kwa kiwiko.

Nikamwambia angoje eda iishe nimsindikize. Akakubali. Halafu nikaona nimwambie na lile lililokuwa linanisumbua, kwamba nikishajua, na wale watu wakirudi na upole wao, sitaweza kuwadanganya. Sijui nitasema nini, lakini uongo siuwezi.

Alimaliza kujifuta uso.

"Basi utakaa nje kwenye benchi," akasema. "Kwa daktari nitaingia mwenyewe."