Kombe ni Lao, Goti ni Lako

Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ile ya themanini, nimelala hospitali Kilifi, goti limefura kama fenesi, na juu yangu wazee wa timu yetu ya Sabaki wanaugombania mguu kama kwamba mwenyewe sipo. Keti mwanangu, nyoosha na wewe huo wako. Nimesikia kocha wako ati anakutafutia sindano ucheze Jumapili na goti limevimba hivyo. Nina hasira, tena hasira za zamani, zimekolea kama tembo la juzi.

Mimi nilikuwa mgema. Asubuhi na jioni nakwea minazi, katikati nacheza mpira. Wahenga wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi waliponisifu, maji yaliniingia gotini. Tuko mazoezini, nikageuka ghafla, mwili ukaenda, mguu ukabaki. Nikasikia "tap!" ndani ya goti. Wakanikanda kwa maji moto, wakalivuta, likazidi kufura, ndipo wakanipeleka hospitali.

Siku ile alikuwako daktari wa mifupa kutoka Mombasa, aliyesomea ng'ambo kutengeneza viungo vya wachezaji. Akaanza kwa kushika goti langu zima. Mwenyekiti wetu, Mzee Karisa, akaruka.

"Wee daktari! Hilo silo bovu!"

"Najua, mzee. Hili zima ndilo linaloniambia lenzake lilikuwaje."

Kisha akalishika lile bovu, akauvuta mguu polepole kwa mbele. Ukateleza kama droo ya kabati kuukuu.

"Ukano wa ndani, ule unaofunga mifupa ya goti, umekatika," akasema. "Hachezi."

"Mdunge ganzi basi," akasema Mzee Karisa. "Mganga wetu ameshasema, kesho kwenye mechi ya kombe mpira wa kwanza uguswe na mguu wake huo, la sivyo hao wapinzani wetu wa Dabaso watatufunga. Aguse tu, atoke."

"Nikiyaua maumivu, mzee, atakanyaga bila kujua, amalize na kilichobaki."

"Kumbe kisomo chote hicho, sindano moja huna!"

Wenzake wakacheka. Daktari hakucheka. Akanigeukia. "Kazi yako nini, kijana?"

"Mgema, daktari."

Hapo ndipo sauti ilipompanda. "Mgema! Na nyinyi mwajua! Akiwa juu ya mnazi goti likamtoka, huyo mganga wenu atamdaka? Haya, kama shida yenu ni kugusa tu, chukueni kiatu chake muende."

Mwanangu, wakachukua! Haki ya Mungu, Mzee Karisa aliinama chini ya kitanda akatoa kiatu cha kulia, wakaondoka nacho. Hata pole hawakusema. Na hawakurudi, wala kunitazama wala kunipa matokeo. Achezaye kwao hutunzwa, si ndivyo tunavyosema? Mimi nilicheza kwetu, nikatunzwa na mgeni.

Maana yule daktari alinipasua, akachukua kipande cha ukano wa mbele ya goti, akakitia pale palipokatika. Nikadhani nimepona. Akaniambia kushona ni kazi yake, kazi yangu ndiyo inaanza. Akataka nimwonyeshe nikweavyo, wapi naweka unyayo, wapi nabana, kisha akanipa mazoezi ya mwendo uleule, hapo chini. Nikawa nakaa kizingitini nanyanyua mfuko wa mchanga kwa mguu, watu wakipita wasema maskini, amerukwa na akili. Karibu mwaka mzima hivyo. Lakini nilikwea tena, na minazi ile ndiyo iliyokusomesha, kwa hiyo goti hili linakudai heshima pia.

Sasa nisikilize. Mtu akikuambia jikaze, muulize yeye atakukaza na nini ukishaanguka. Kombe litakaa kwa mwenyekiti, mguu utakaa nao wewe. Ganzi haitibu, yafunga mdomo wa anayelia. Na ukipata daktari anayekukatalia, mshukuru, wengi watakukubalia upesi wapate wanachotaka. Kesho asubuhi twende hospitali mimi na wewe. Kocha akija, mwache kwangu. Goti langu lilishapasuliwa, lakini mdomo huu mzima kabisa.

Mungu akujaalie watu wa kukuuliza hali kabla ya kukuuliza mabao. Akulindie miguu yote miwili, uitumie mpaka uzee ukuchoshe, na wajukuu wako wakukimbilie nawe uweze kuwakimbiza. Amina.