Geti la Bi Chuma

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Rimoti, na jina hilo alilipata kihalali. Alipostaafu kazi ya kupiga pasi shuka za hospitali, alihamia kwenye kochi lililokabili televisheni, akaishika rimoti, na tangu hapo hakuna kiumbe aliyeigusa bila ruhusa yake, hata mwanawe aliyeinunua televisheni yenyewe. Tamthilia ya jioni ikianza, nyumba ilitakiwa inyamaze. Mwenye kikohozi akakohoe jikoni.

Wa kukohoa alikuwa mmoja tu, mkamwana wake, kwa maana nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori, na dereva wa lori kwake ni mgeni. Basi mama mkwe na mke wa mwana walikaa bega kwa bega kila jioni, macho mbele, na yote waliyokuwa nayo ya kuambiana waliyasema wakati wa matangazo. Gesi imekwisha: ilisemwa kati ya tangazo la sabuni na tangazo la benki. Mimba iliyoharibika mwaka wa kwanza wa ndoa ilisemwa papo hapo pia, na siku ile Bi Rimoti alizima televisheni kabla tamthilia haijarudi. Ndiyo siku pekee aliyowahi kuizima.

Adui yao wote wawili alikuwa mama mkwe wa kwenye tamthilia, mjane tajiri aitwaye Bi Chuma, aliyemganda mwanawe kama kupe. Bi Rimoti alimtukana kwa moyo wake wote. Alimwambia pale pale kwenye kioo kwamba mtoto akishaoa ameoa, amwache aende na mkewe, na kwamba mama asiyejua kuachia ni mchawi tu hata kama hana tunguri. Mkamwana alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Huyo mkamwana alikuwa msusi. Jioni moja, katika tangazo la dawa ya meno, alisema kwamba mteja wake amempa nafasi mbili katika safari ya siku moja ya kutembelea mahali tamthilia iliporekodiwa, migahawa na nyumba zote. Bi Rimoti alifurahi, halafu akaingiwa na wasiwasi. Siku chache nyuma alikuwa ameona sanduku kubwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, limefutwa vumbi. Na mwanawe, ambaye zamani akipiga simu maneno yalikuwa hayamwishi, siku hizi alisalimia na kukata. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwana na mkewe walikuwa wanahama, na safari hii ilikuwa sukari ya kumezea dawa.

Akapiga moyo konde. Akitamkiwa hatalia, hatazuia. Atasema nendeni, baraka zangu mnazo. Alijizoeza maneno hayo akiosha vyombo mpaka yakatoka bila kukwaruza. Kusema lolote jingine kungekuwa kugeuka Bi Chuma, naye alikwisha kumtukana Bi Chuma miaka yote hiyo mbele ya shahidi.

Siku ya safari basi dogo liliondoka asubuhi likiwa limejaa wanawake, isipokuwa mstaafu mmoja wa posta aliyedai anamsindikiza mkewe, ingawa ndiye aliyejua visa vyote na kuwasahihisha wenzake. Kiongozi wao alikuwa bwana mnene aliyewahi kuvuta nyaya za taa wakati tamthilia ikirekodiwa, na aliona raha ya pekee kuwavunja watu moyo. Hospitali aliyolazwa Bi Chuma ilikuwa ngazi za ofisi ya bima. Sebule yake ya kitajiri ilikuwa duka la samani. Mgahawa wa fahari, ambamo mwana wa Bi Chuma alimvisha mchumba wake pete, ulikuwa na kona moja tu ya fahari. Kwingine kote ni viti vya plastiki, na kile chakula walichokuwa wakikisifia kilikuwa wali wa jana uliopakwa mafuta ung'ae. Mstaafu wa posta aliuliza kama ulitupwa baadaye. Kiongozi akajibu kwamba waliula wavuta nyaya.

Bi Rimoti hakuvunjika moyo hata chembe. Alikagua kitambaa cha meza, akakikunjua pembe, akamsikitikia aliyekipiga pasi. Alipiga picha kila kitu, pamoja na mlango wa choo. Mkamwana alimshika mkono kwenye ngazi, akambebea mkoba, akamnunulia maji ya baridi. Alikuwa mwema mno, na kila wema ulizidi kumhakikishia Bi Rimoti kwamba wanahama.

Mgahawa wa pili ndiko walikopangiwa chakula cha mchana. Ulikuwa ule wa kando ya kituo cha mafuta, ambamo Bi Chuma alimmwagia mkwewe glasi ya maji usoni. Meza zilikuwa za watu wawili wawili, kiti kikitazamana na kiti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa miaka yote waliyoishi pamoja walikuwa hawajawahi kukaa hivyo, uso kwa uso, bila kioo cha kutazama wala tangazo la kuwaambia sasa semeni. Bi Rimoti alimtazama mkamwana wake, akaona ana mvi mbili tatu juu ya sikio. Hakuwa na habari nazo. Wote wawili wakayarudisha macho kwenye kuku.

Mwishowe mkamwana aliweka uma chini, akayatoa yote kwa mkupuo. Mume wake amepata kazi ya kudumu ya udereva kwenye bohari ya mpakani, huko huko atakaa, na anataka mkewe amfuate kabla ya mwisho wa mwezi. Alimtuma yeye aje kumwambia mama, kwa sababu mwenyewe ameshindwa.

Maneno ya Bi Rimoti yalikuwa tayari, yakatoka kama alivyoyafundisha.

"Mke hufuata mume, mwanangu. Nendeni, baraka zangu mnazo. Mimi nitakaa vizuri tu."

Alingoja kuona uso wa mkamwana ukitulia. Haukutulia. Mkamwana aliisukuma sahani pembeni, akashukuru kwa sauti ndogo, akaanza kuikunja karatasi ya kufutia mikono, mara nne, mara nane, mpaka ikawa haikunjiki tena. Bi Rimoti alimuuliza kama kuku hakuiva.

"Nilidhani utakataa," mkamwana alisema. "Wiki nzima naomba Mungu ukatae."

Bi Rimoti hakuelewa, na aliona aibu kutoelewa.

"Yeye hakuniuliza, Mama, aliniarifu. Wateja wangu wako hapa, kiti changu cha saluni kiko hapa. Kule nitakaa peke yangu kwenye chumba nikimngoja, maana hata huko atakuwa barabarani. Nikimwambia mimi, atasema nina kiburi. Nikajisemea, mama atanitetea. Ukimwambia huyu haendi, hawezi kukujibu." Alifuta macho kwa ile karatasi iliyokunjwa. "Kumbe hata wewe nikiondoka ni sawa tu."

Bi Rimoti alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba si sawa, kwamba tangu alipoona lile sanduku chakula hakimpiti. Lakini kiongozi alikuwa tayari anapiga makofi mlangoni, basi linaondoka, na huko ndani ya basi mstaafu wa posta aliketi mbele yao akigeuka kila dakika kuwasimulia. Mkamwana alitazama dirishani njia nzima. Bi Rimoti aliona hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira ya Bi Chuma. Alijikasirikia mwenyewe, mtu mzima aliyejitia wema mpaka akamfukuza anayempenda.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyumba ya Bi Chuma, au tuseme geti lake, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikaliwa na daktari wa meno asiyetaka wageni ndani. Lilikuwa geti dogo la kupita watu, lenye nguzo mbili nyeupe. Hapo ndipo Bi Chuma aliposimama siku mwanawe alipotaka kuondoka na mkewe, akatanua mikono nguzo hadi nguzo, hapiti mtu. Kila msafiri alisimama pale akatanua mikono hivyo hivyo, akakunja uso, wenzake wakampiga picha na kucheka. Mstaafu wa posta alisimama mara mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza alifumba macho.

Ilipofika zamu ya Bi Rimoti, mkewe yule mstaafu alisema huyu hataki, asubuhi nzima amemtukana Bi Chuma. Bi Rimoti alivua viatu vilivyokuwa vikimbana, akapita katikati yao, akasimama getini. Akaweka mkono huku, akaweka mkono kule.

"Huyu haendi popote," alisema. "Ni wangu. Mwanangu akimtaka mkewe, aje amtafute nyumbani, na amuulize kwanza kama anataka. Na akija, mimi atanikuta mlangoni."

Walipiga makofi. Kiongozi alisema maneno hayo hayamo kwenye tamthilia, lakini yangefaa. Watu walisogea kumpisha anayefuata, ila Bi Rimoti hakuondoka.

Mkamwana alikuwa ameinua simu kama wengine, lakini hakupiga picha. Aliishusha, akabonyeza, akaiweka sikioni akingoja. Halafu alitembea mpaka getini, akaisogeza kwa mama mkwe wake. Ndani yake sauti ya mwanawe ilikuwa ikiuliza kuna nini, kuna usalama.

"Mwambie na yeye hivyo hivyo, Mama," alisema.

Bi Rimoti aliipokea simu kwa mkono mmoja. Ule mwingine aliuacha pale pale, umeshika nguzo.