Matembezi Yaliyonifikisha Kwenye Posa

Mimi ni nesi, mgeni hapa kijijini Ngana. Jumapili hupenda kupotelea kwenye vijia vya migombani, harufu ya kokoa inayoanikwa ikinilewesha kama usingizi.

Juzi nikawakuta akina mama wamejitwisha ndizi, wanatembea taratibu. Kwa adabu zangu nikampokea mmoja mkungu.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru.

Nikawafuata kama niko ndotoni hadi kwenye ua uliofagiwa. Tukaketishwa mkekani, tukaletewa chai na viazi. Nikaomba kikombe cha pili!

Kumbe tumeleta posa. Wageni walidhani wenyeji wamenituma kuwapokea. Wenyeji wakadhani nimekuja na wageni. Mzee mwenye nyumba akataka kila upande utambulishe watu wake. Wakatajwa wote, nikabaki mimi.

"Na huyu ni wa nani?"

Pande zote mbili zikatazamana, kisha zikanigeukia.

"Mimi," nikasema, kiazi mdomoni, "nilikuwa natembea tu."