Museum ya bure ilivyonianika kwamba sina simba kwetu Asembo

Wakuu, habari za huko mliko. Haya ni ya kweli tupu. Mke wangu yuko hapa kando anasoma ninavyoandika, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi sitaweza.

Agosti iliyopita shule zilipofungwa, binti yangu Achieng', miaka tisa, alikuwa anatumaliza na TV. Nikasikia museum hapa Kisumu ina programme ya watoto, wiki nzima, bure. Sikuuliza wanafundisha nini. Nikamwandikisha.

Jumatatu wakafundishwa nyoka. Jumanne samaki, akarudi kuniambia omena, hawa dagaa wetu, si watoto wa mbuta. Mimi nimebishana na watu juu ya hiyo omena tangu ujana wangu. Nikaendelea kula.

Jumatano ndiyo iliniua.

Waliingizwa kwenye lile boma la Kijaluo lililojengwa pale, wakaonyeshwa nyumba ya mama, na upande wa gate, simba. Kwa wasiojua, simba ni nyumba ambayo kijana hujenga kwa baba yake akishakuwa mtu mzima. Mkubwa hutangulia. Asipojenga, mdogo wake hawezi kumruka. Na ukishaoa, hulali tena kwa mamako.

Jioni Achieng' akaniuliza, "Baba, kwani simba yako iko wapi?"

Wakuu, mimi ni firstborn. Nina miaka kumi na mbili kwenye ndoa na sijasimamisha hata nguzo moja. Tukienda Asembo Bay tunarudi Kisumu siku hiyo hiyo, na watoto nimewaambia ni sababu ya mbu.

"Iko nyuma ya miti, hujaiona tu," nikamwambia. "Iko na mabati mpya."

Mke wangu aliniangalia, akaenda zake jikoni.

Sikujua ile ilikuwa homework. Mtoto alichora boma lote kwenye karatasi ya manila: nyumba ya nyanya yake, simba yangu yenye mlango wa bluu, na kando yake simba ya Ouma, mdogo wangu.

Sasa huyu Ouma ana miaka thelathini na minne. Ana mchumba kule Kisian. Analala kwa store pamoja na magunia ya mahindi, kwa sababu yangu, na hajawahi kunisema hata siku moja. Hilo ndilo lilikuwa linanichoma.

Ijumaa watoto wangeeleza michoro yao mbele ya wazazi. Nikamwomba Achieng' aifute simba yangu kidogo tu. Akakataa, alikuwa ameshapewa nyota. Kumbe pia alikuwa amempigia babu yake simu, akamwalika.

Mzee akafika na suti. Nyuma yake Ouma, amemsindikiza.

Achieng' alieleza vizuri sana, wazazi wakapiga makofi. Mzee akavaa miwani, akasogea mpaka pua karibu iguse karatasi.

"Hii simba ya babako iko na dirisha ngapi?"

"Tatu, Kwaro."

"Na hii ni ya Ouma?"

"Eeh. Mwalimu amesema mkubwa akimaliza, mdogo anajenga."

Ouma alikuwa anamwangalia kobe wa museum huko nje. Nilitamani anitukane.

Mzee aliomba ule mchoro, akaukunja, akautia mfukoni. Jumapili, simu yake.

"Baba Achieng', fundi ako hapa na ile karatasi. Tunangoja mwenye nyumba aonyeshe mahali."

Ningefanya nini? Nikaenda. Fundi aligoma kubadilisha chochote, alikuwa ameambiwa afuate mchoro. Achieng' hana habari na vipimo, kwa hivyo leo nina mlango wa bluu ambao ng'ombe wawili wanapita sambamba.

Disemba tukalala humo mara ya kwanza. Asubuhi nafungua, namkuta Ouma nje na vigingi na kamba ya kupimia. Nilijua siku ya kuambiwa yangu imefika.

"Omera, ndugu yangu, shika hapa," akasema, akanipa ncha moja ya kamba.

Nikashika. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ambayo sikustahili. Tulipima simba yake kabla sijanawa uso.

Funzo nililopata: mtoto ukimdanganya, mdanganye juu ya kitu ambacho hawezi kukichora.

Na nyinyi ma-firstborn mnaosoma uzi huu kimya kimya, shukeni kwenye comments mtuambie: mdogo wako analala wapi?