Feni Mbili kwenye Sinia Moja

Kila mashine iliyofunguliwa mezani kwa Fundi ilikuwa na kifuniko chake cha kopo la rangi, kimeandikwa jina la mwenye mali, ndani yake skrubu na vipuri. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuchanganya. Watu walimcheka kwamba analaza vyuma kama mama anavyolaza watoto, naye akawajibu, "Chekeni tu, lakini redio zenu zinaimba."

Lililomshinda lilikuwa nyumbani kwake. Wapwa zake wawili, watoto wa dada yake, wanaume wazima wenye ndevu, mkubwa kinyozi na mdogo karani wa duka la dawa, walikuwa hawasemezani tangu mwaka jana. Msiniulize kama waligombea shamba au mwanamke. Waligombea mashine za gemu! Mkubwa alikuwa wa mashine yenye taa ya buluu, mdogo wa yenye taa ya kijani. Ikatoka gemu moja upande wa buluu tu, kinyozi akamcheka mwenzake mbele ya wateja, karani akamrudishia, neno likazaa neno, basi. Chumbani wakageuza kabati likawa ukuta. Kila mmoja alikuwa na kundi lake kwenye simu, kutwa wanatukanana na watu wasiowajua hata sura. Mezani ilikuwa, "Mjomba, mwambie huyo anisogezee chumvi." Na mjomba, mtu mzima na mvi zake, anasogeza chumvi.

Kisha dada akapiga simu kutoka hospitali alikofanyiwa upasuaji. "Kaka, Jumamosi wananiruhusu. Sitaki zawadi. Nikifika niwakute wanangu wanaongea."

"Watakuwa wanaongea," Fundi akasema. Hata simu haijapoa alishajuta, maana ameahidi kitu asichokuwa nacho.

Wiki hiyohiyo mashine zote mbili zikazima. Ajabu iko wapi? Kabati limeziba dirisha, joto tele, vumbi tele, feni zikachoka. Fundi alipozifungua alikuta feni zile ni ndugu: kiwanda kimoja, kibandiko kimoja, hata namba zilezile. Akaona amepata njia ya kuwapatanisha. Siku hiyo akaweka vifuniko vyake pembeni, akazisafisha feni, akazilaza kwenye sinia moja, akawaita wapwa zake.

"Tazameni wenyewe. Hii ya buluu, hii ya kijani. Tumbo moja, kama ninyi. Sasa mnagombania nini?"

Karani akainama, akatazama. "Mjomba, mwambie huyo kwamba watu wa buluu waliiba kwetu."

"Sisi?" Kinyozi akamgeukia mdogo wake, akamtazama usoni kabisa. "Ninyi ndio wezi tangu zamani!"

Wakalivuta sinia huku na huku, likapinduka, feni zikaserereka chini ya meza. Fundi akapiga magoti akazitoa. Akazigeuza chini ya taa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna alama. Fundi wa vifuniko hakujua ipi ni ya nani.

"Ipi yangu?" kinyozi akauliza.

"Zinafanana, mwanangu. Yoyote itafanya kazi."

"Yoyote?" Kinyozi akamtazama ndugu yake. "Umemsikia?"

"Nimemsikia," karani akasema. "Huyu si fundi."

"Tangu lini awe fundi? Beba yako, twende."

Wakabeba mashine zao bila feni, wakatoka pamoja kumtafuta fundi mwingine. Jioni kila mmoja alikuwa upande wake wa kabati, kimya kama mwanzo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Yeye, maskini, alichukua bisibisi.

Jumamosi dada akafika, akakaa polepole kitini, mkono ubavuni. Alisikiliza nyumba. Nyuma ya mlango wa chumba hakukuwa na sauti.

"Kaka, wanaongea?"

"Juzi waliongea."

Dada akafumba macho. "Ahsante, Mungu. Walisema nini?"

Fundi akaitazama mikono yake. Angeanzia wapi? "Walikubaliana," akasema.

"Enhe! Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi."

Dada akacheka mpaka akaushika mshono, akidhani anataniwa, na Fundi akamwacha acheke.