Dumu Nililolisuuza

Mke wangu alikuwa mpiga pasi. Mimi nafua, yeye ananyoosha, miaka thelathini na minane katika chumba kimoja chenye meza mbili na kamba sita. Wateja walimwita Mama Mkunjo, maana suruali ikitoka kwake, mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Mimi hawakunipa jina. Mfuaji ni mfuaji.

Uso wake ulianza kuwaka miaka minne kabla hajafariki. Anakula vijiko viwili, mara uso na shingo vinakuwa vyekundu kama aliyechungulia tanuri. Halafu tumbo linamkata, mbio chooni. Nikasema ni moto wa pasi. Nikampumzisha wiki nzima. Uso ukawaka vilevile, amekaa kivulini.

Dada yake akasema ni mambo ya kukoma hedhi.

"Na miaka yangu sitini na moja?" mke wangu akamjibu. "Basi yalipotea njia."

Hospitali walitupa vidonge vya tumbo mara tatu. Mara ya nne tukampata daktari mwingine, binti mdogo tu, akamsikiliza mpaka mwisho. Akatupatia dumu. Akasema mke wangu akusanye humo mkojo wote wa mchana mmoja na usiku mmoja, asile ndizi wala nanasi, kisha tulirudishe.

Nyumbani nikalifungua. Chini kulikuwa na maji kidogo, yakanichoma pua. Dawa kali naijua, ndiyo inayotoboa mashati ya watu. Nikasema hawa wametupatia dumu chafu. Nikamwaga, nikalisuuza kwa sabuni mara tatu, nikalianika juani.

"Mzee, hata mkojo wangu unaufulia?" Akacheka sana.

"Mgonjwa hapewi chombo kichafu," nikasema.

Majibu yakaja safi. Daktari akasema basi si ule ugonjwa aliouhofia. Tukarudi kwenye vidonge. Miezi minane.

Alipokonda hata pasi ikamshinda kuinua, tulirudi. Yule binti akatoa dumu jingine.

"Msimwage kilichomo. Ni dawa ya kutunza mkojo usiharibike; bila hiyo ugonjwa hauonekani."

Mke wangu akatazama dirishani. Nikasema mwenyewe: "Lile la kwanza nililiosha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa sabuni, baba?"

"Mara tatu."

Safari hii majibu hayakuwa safi: ugonjwa aliouhofia ulikuwemo. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba, na vitoto vyake kwenye ini.

Nikauliza umetoka wapi. Mvuke? Sabuni zangu? Akachora bomba kwenye karatasi. Akasema ndani ya utumbo kuna chembe chache zilizotawanyika, kazi yake kutoa homoni, yaani kutuma habari mwilini: chakula kimefika, sukuma. Moja ikiharibika inazaana, inatuma habari ovyo. Mwanzoni ini linazizima habari hizo. Uvimbe ukishakaa kwenye ini lenyewe, habari zinapita, na uso unawaka.

"Kwa nini hiyo moja iliharibika?"

"Mara nyingi hatujui, baba. Ni ugonjwa wa nadra. Pasi haimo, sabuni haimo."

"Na ile miezi minane?"

Hakunikwepa. "Uvimbe huu unakua polepole. Nadhani ini lilikuwa limeshaguswa kabla ya dumu la kwanza. Ila sindano za kuzuia hizo habari tungezianza mapema. Asingeteseka vile."

Sindano zilimtuliza uso. Aliishi miezi kumi na mmoja.

Siku moja katika miezi hiyo, tumekaa kwenye benchi tukingoja sindano, mimi nimeinamia viatu vyangu. Akanigusa goti.

"Acha hilo dumu, mume wangu. Lingefika mikononi mwangu, ningeliosha mimi."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini tangu nimuoe, hata kikombe hakuwahi kusuuza. Kuosha ilikuwa kazi yangu.