Vibao Vitano Vilivyokuwa Bubu

Hata alipokwisha kutoa rekodi kumi na nne, na wapiga piano wenye suti za bei mbaya wakaanza kufunga safari kuja kumtazama vidole, watu waliendelea kumwita Dobi. Hakuona kasoro. Alikuwa dobi kweli, mwanamke mpiga pasi wa hoteli kwa miaka minane, na mikono ile iliyoipindua jazi juu chini ndiyo iliyokuwa ikinyoosha foronya mia mbili kwa siku.

Kaka yake, fundi seremala wa hoteli hiyohiyo, ndiye aliyemwingiza kwenye ukumbi wa chakula mara ya kwanza. Kulikuwa na piano imeegeshwa ukutani, imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake wahudumu walikuwa wakipanga visahani. Kati ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, ukumbi ulibaki mtupu. Dobi aliketi pale kila siku, aproni kiunoni, akajifundisha kwa kufuatiliza jazi aliyoisikia redioni. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na masikio mawili na ubishi wa kumtosha yeye na majirani.

Piano yenyewe ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Vibao vitano vya katikati vilikuwa bubu: ukivibonyeza, unasikia mbao tu, tok. Mwingine angevikwepa. Dobi alivigeuza ngoma. Kidole kikitaka mdundo kiliangukia pale, tok-tok, katikati ya wimbo, na nyimbo zake zikapata mwendo ambao hakuna aliyewahi kuusikia: zinatembea, zinajikwaa kwa makusudi, zinatembea tena. Wapishi waliacha masufuria jikoni wakaja kujazana mlangoni. Kaka mtu alisimama nao, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akijiuliza huyu mtoto wa mama yake kayatoa wapi haya.

Mgeni mmoja akapeleka habari kwa watu wa rekodi. Wakajibu kwamba watakuja na mashine yao ya kurekodia Alhamisi, saa nane mchana, wamsikilize humohumo ukumbini. Wakimpenda, wanamchukua. Wasipompenda, anarudi kwenye pasi, na safari hii bila piano, maana meneja alishaapa kuiondoa apate nafasi ya meza mbili.

Hapo kaka akafanya kosa ambalo ni fundi tu anayeweza kulifanya, tena fundi anayempenda dada yake. Alhamisi asubuhi, Dobi akiwa amezama kwenye mashuka, aliifungua piano tumboni. Nyundo ndogo tano, zile zinazogonga nyuzi, zilikuwa zimevunjika shingo. Akachonga mpya, akazivika kitambaa kizito cha sufu, akazifunga, akakaza nyuzi. Akajaribu. Vibao vyote vitano vikaimba! Kichwa kikamvimba. Hakumwambia mtu, alitaka iwe zawadi.

Dobi aliingia saa nane kasoro dakika mbili, uso bado una jasho la pasi. Watu wawili wa rekodi walikuwa wamekaa tayari, mmoja kashika mashine. Akaanza ule wimbo wake mkubwa. Mstari wa kwanza ulipita salama. Kidole kikaangukia kwenye kibao bubu, na badala ya tok ikatoka sauti kamili, chungu, isiyopatana kabisa na jirani zake. Dobi akaurudisha mkono kama aliyeshika pasi ya moto.

"Nani kaigusa hii piano?"

Kaka akapiga hatua kutoka mlangoni. "Mimi, mdogo wangu. Nilidhani nakusaidia."

"Kaka, umenimaliza!"

"Nipe robo saa, nazing'oa zote."

"Dada," mwenye mashine alisema, "saa nane na robo sisi tunaondoka."

Dobi alikibonyeza kibao kilekile, taratibu, akainamisha sikio. Akakibonyeza tena, safari hii pamoja na jirani zake. Akakunja uso. Akarudia.

"Ngojeni," alisema.

Akaupiga wimbo ule tangu mwanzo, bila kubadilisha kidole hata kimoja. Sauti tano ambazo mikono yake ilikuwa ikizibonyeza kwa miaka minane bila mtu kuzisikia, zikatoka moja baada ya nyingine. Ziligombana na wenzao. Ziliuma. Kaka alifumba macho kwa aibu. Lakini mzunguko wa pili mkono wa kushoto ukaanza kuzijibu, ukazitafutia mahali pa kusimama, na ule ugomvi ukageuka mazungumzo. Hakuna aliyekuwamo mle aliyejua kwamba sauti za namna hiyo zinaweza kukaa nyumba moja. Kaka alishika fremu ya mlango. Kumbe siku zote alizosimama pale, mambo haya yote yalikuwa yakipigwa mbele yake, na yeye akisikia nusu!

Wimbo ulipokwisha, mwenye mashine alisahau kuizima.

"Huu," alisema. "Huu umeutunga lini?"

"Miaka minane iliyopita," alisema Dobi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Lakini ndiyo kwanza nausikia."